Shimo la Mara Moja

Sogeeni karibu, na mwenye kikohozi akakohoe nje kwanza, maana mimi nikikatizwa huwa napotelea njiani, na hadithi yenyewe inabaki imesimama kama ng'ombe aliyesahauliwa malishoni. Haya.

Palikuwa na fundi mizani mmoja, jina lake Sudi Mkwanda. Mizani ninazosema ni zile za zamani, sahani mbili zinaning'inia huku na huku, na katikati kuna mshale unaokuonyesha mzigo umelalia wapi. Sudi alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mpole, mwenye vidole kama vya mshona nguo. Kazi yake aliijua. Mizani ikiletwa inatikisika bila mzigo, mafundi wengine waliupiga mshale kofi utulie. Yeye aliinama, akautazama, akauuliza, "Wewe unatikiswa na nini?" Mpaka mkewe akawa anamcheka kwamba anaongea na vyuma.

Fundi huyu aliitwa kwenda nchi moja inayoitwa Mazoeani. Habari za njiani tuziache, njia ni njia tu. Alikwenda akafika. Au niseme vizuri: alikwenda, lakini hakufika. Mtanielewa sasa hivi.

Mlangoni pa nchi alikuwa amekaa askari mmoja mnene, mwenye tabasamu la mtu aliyeshiba.

"Karibu, bwana. Umewahi kuja Mazoeani?"

"Sijawahi. Ndiyo mara yangu ya kwanza."

"Ah, pole sana," askari akasema, na kweli huruma ilimjaa usoni. "Basi bado hujafika."

"Sijafika vipi, na mimi huyu nimesimama mbele yako?"

"Nakuona, baba, macho ninayo. Lakini mara moja haihesabiki. Ukija mara ya pili utakuwa uvumi. Ukija ya tatu, nikiwa mimi mwenyewe hapa mlangoni, hapo nitakuandika kwamba umefika. Pita tu, wala usione haya. Tunao wageni wengi humu hawajafika, na wanakula vizuri."

Sudi akapita huku anajikuna kichwa. Na ndiyo sheria ya nchi ile, wameichora juu ya kila mlango. Jambo likitokea mara moja, halikutokea. Likitokea mara mbili, ni uvumi. Likitokea mara tatu, mbele ya mtu yule yule, mahali pale pale, ndani ya mwaka ule ule, hapo limetokea, na serikali italipatia jina. Nyumba ikishika moto mara ya kwanza, majirani wanauzima, si wanyama wale, lakini wanauzima huku wanaongea habari za mvua. Mtoto akipiga hatua ya kwanza, mama yake anatazama dari mpaka afike ya tatu, ndipo apige vigelegele.

Sasa yale yaliyotokea mara moja yanakwenda wapi? Maana mtu ukiona kitu umeona, moyo hauambiwi. Nyuma ya ukumbi wa baraza lao walichimba shimo, pana, watu wanane wakishikana mikono ndiyo wanalizunguka. Wanaliita Shimo la Mara Moja. Nchi nzima ni wafinyanzi, wanatengeneza mitungi ya maji, hawajui kazi nyingine, kwa hiyo vigae vya mitungi iliyovunjika viko kila mahali. Ukiona jambo la mara moja unaokota kigae, unakinong'oneza jambo lako, unakwenda kukitupa shimoni, unarudi nyumbani umepoa. Na wana utaratibu mzuri tu. Jambo likihusu mdomo wa mtungi, unatupa kigae cha mdomo. Likihusu mkono wa kushikia, unatupa kigae cha mkono. Likihusu kitako cha mtungi, unatupa cha kitako. Mambo mengine yote, ndoto, mapenzi, ugomvi wa mashemeji, unatupa kigae cha tumbo.

Aliyempokea Sudi alikuwa mzee mmoja anaitwa Ngwali. Cheo chake kilikuwa Mshika Kawaida, yaani ndiye anayepita sokoni kuangalia kwamba mambo ni yale yale. Msimdhanie mkali. Ngwali alikuwa mtu wa kuuliza hali ya mgonjwa, mtu wa kumbebea bibi kizee kikapu. Alikuwa na tabia ya kufuta jasho hata pasipo na jasho.

"Fundi, mizani yetu kubwa ya ukumbini inaumwa," akamwambia. "Ndiyo tunayopimia udongo wa kuwagawia wafinyanzi. Mshale unaruka wenyewe, sahani zote tupu. Nimeuona mimi, mara tatu, palepale, mwaka huu. Kwa hiyo limetokea, na baraza limekubali uitwe."

"Na ungeuona mara mbili tu?"

"Ungekuwa unaruka hivyo hivyo, na mimi ningekuwa natazama kwingine," Ngwali akasema, bila mzaha hata kidogo.

Wakampa Sudi chumba kwa mama mmoja mfinyanzi, Bi Mashavu. Huyu ndiye mwenye hadithi, mwekeni moyoni. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye mikono mikubwa ya kazi na ulimi usiotulia. Tanuri lake la kuchomea mitungi alilirithi kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake, na moto wake haukuwahi kuzimwa kabisa, siku zote palikuwa na makaa chini ya majivu. Lakini tanuri lile lilikuwa hatarini. Bi Mashavu alikuwa na makosa mawili.

"Makosa gani, mama?" Sudi akamuuliza siku ya kwanza, wanakula viazi.

"Kuchokonoa."

"Kuchokonoa nini?"

"Wateja, mwanangu. Huku kwetu mteja akitaka kitu cha ajabu humuulizi kwa nini. Unamwambia, hatuna mpenzi, karibu tena, unampa maji anywe, anakwenda. Ukimuuliza kwa nini, umelipatia lile la mara moja kiti cha kukalia. Mimi nimeuliza mara mbili, na mara zote mbili Ngwali alikuwa nyuma yangu. Nikiuliza ya tatu mbele yake, wanakuja na ndoo, wanalizima tanuri. Likizimwa kisheria haliwashwi tena, si na mimi, si na mwanangu."

Jirani yake, aliyekuwa anapita na kuni kichwani, akadakia kwa nje, "Huyo? Huyo hata kuku wake akitaga anamuuliza kwa nini!"

"Na wako angeulizwa angesema kachoka kukaa na wewe!" Bi Mashavu akamrudishia, wakacheka wote. Lakini Sudi aliona kwamba kicheko kilipokwisha, mama yule alitazama tanuri lake kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Basi kesho yake fundi akapanda ngazi ukumbini. Akaangalia minyororo, mizima. Akaangalia sahani, nzima. Mshale ukaruka, tik. Sudi hakuupiga kofi. Akakaa juu ya ngazi anaungoja. Chini yake baraza lilikuwa limekutana, halikujali, maana yeye alikuwa bado hajafika.

Siku hiyo walikuwa na jambo kubwa. Kila mfinyanzi nyuma ya tanuri lake ana lundo la mitungi mibovu, ile iliyopasuka au kutoboka motoni. Malundo hayo, tangu dunia iwe dunia, huwa yanakua. Mwaka huu yalikuwa yanapungua. Limeonekana mara tatu, kwa hiyo limetokea, kwa hiyo lazima lijadiliwe. Msemaji wa baraza, Mzee Lwambo, mtu wa sauti nzito na usingizi mwepesi, akasema ni neema, usafi wa mji umeongezeka, na apewe zawadi mfagiaji. Mfagiaji akaitwa, akaapa kwamba hajagusa lundo la mtu. Mzee Lwambo akasema huo ni unyenyekevu, aongezewe zawadi. Mwingine akasimama akasema labda ni upepo. Wakabishana nusu ya asubuhi kama upepo unaweza kupewa zawadi. Hakuna aliyesema, twende tukaangalie nani anaichukua.

Na kila wakati mtu akipita nyuma ya ukumbi, mshale unaruka. Tik. Sudi akashuka, akaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa umevimba kwa ndani kama shavu la mwenye jino bovu. Akazunguka nyuma. Wacha wee! Shimo la Mara Moja lilikuwa limejaa mpaka juu, vigae vimemwagikia pembeni, vimeegemea ukuta wa ukumbi, ule ule unaobeba mizani. Mtu akitupa kigae, ukuta unatetemeka, mshale unaruka. Ugonjwa ndio huo.

Akachuchumaa. Akaokota kigae, cha kitako. Cha pili, cha kitako. Cha tatu, cha nne, akachimba kwa mkono mpaka kwenye kiwiko. Vitako, vitako, vitako, na mdomo mmoja mmoja.

"Mama," akamuuliza Bi Mashavu jioni ile, "watu wa hapa wanaona nini kuhusu vitako vya mitungi?"

Bi Mashavu akaacha kufinyanga. Mikono ikabaki hewani, inachuruzika udongo.

"Mimi nakwambia nilichokiona mimi," akasema polepole. "Yuko mama mmoja wa milimani, Mama Nyamizi. Watu wa milimani ndio wanunuzi wetu, bila wao hapa hakuna ugali. Zamani akija anachukua mitungi kumi. Mwaka huu anachukua miwili, tena anaona haya, ananiuliza kama nina iliyotoboka kitako. Iliyotoboka, mwanangu! Mtungi wa maji! Ndipo nikamuuliza, unaenda kufanyia nini? Kabla hajafungua mdomo, Ngwali huyo, kampa maji, karibu tena, kamsindikiza. Mara ya pili vilevile. Mpaka leo sijui. Nalala naamka, sijui."

"Na wenzako?"

"Wenzangu siwezi kuwauliza. Hiyo nayo ni kuchokonoa."

Sudi akamwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

"Mimi kwetu kazi imekwisha, mama. Ndiyo maana unaniona natembea nchi za watu. Siku moja alikuja mteja wangu wa miaka, mwenye duka la mchele. Nikadhani kaleta mizani itengenezwe. Akaniuliza kama nataka kuinunua, chuma chakavu. Nilicheka, mama. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, nikamwambia aende akapumzike jua limempiga. Mimi ninayeuliza vyuma vinatikiswa na nini, mtu mzima kanijia na miguu yake sikumuuliza. Baadaye ndiyo nikajua mchele wote wa mji unakuja umeshapimwa, umefungwa. Mwaka mzima kabla ya hapo, yule mtu alikuwa amekuja kuniambia, na yeye mwenyewe hajui kwamba ananiambia."

Bi Mashavu hakusema pole. Alimwongezea viazi.

"Wewe hujafika," akasema.

"Ndivyo wanavyoniambia."

"Basi mtu ambaye hajafika hawezi kuchokonoa."

Mnaona akili ya mama? Sudi akapita tanuri kwa tanuri siku tatu. Kila alipouliza, mfinyanzi alitazama kulia na kushoto, akakumbuka kwamba hapo mbele yake hakuna mtu, akasema. Mmoja alisema, "Kwangu ni mara moja tu, baba mmoja alitaka wenye ufa." Mwingine akasema, "Mimi mara moja mwanamke, na mara moja mwanamume, hizo ni mara moja mbili, hazijumlishwi." Mwingine akasema lundo lake wanaliiba, lakini kila mwizi kaiba mara moja. Mwingine, kijana mwenye tanuri jipya, alisema kwa aibu kwamba alimpa mteja mtungi mbovu bure, mteja akaubusu. Kila mmoja alidhani ni kichaa wake peke yake.

Na siku hiyo ya tatu Bi Mashavu akampokea mlangoni, macho mekundu. Mama Nyamizi alipita asubuhi kuaga. Hatakuja tena. Kasikia kuna nchi nyingine wanatengeneza makasha ya mbao, ataanza kwenda huko, na wenzake wote wa milimani wanafuata. "Kesho mchana anaondoka," akasema. "Nilitaka kumuuliza nikauma ulimi, maana Ngwali alikuwa kwenye kona. Sudi mwanangu, nimeliokoa tanuri. Lakini nitachoma nini humo? Nitamuuzia nani?"

Sudi akaenda moja kwa moja kwa Ngwali. Akamkuta kibarazani anafuta jasho lake la hewa.

"Mzee wangu, sheria hii inawaua."

"Kaa," Ngwali akasema. Akammiminia chai, akamtilia sukari kabla hajaulizwa. "Wewe unatuona wajinga. Sikukatazi. Lakini nikusimulie. Wakati wa babu yangu alikuja hapa kilema mmoja sokoni, akaagiza makubadhi ya udongo. Mtu mmoja, siku moja. Babu yangu akasema, jamani, kumekucha, dunia sasa itavaa udongo! Wakaacha mitungi, nchi nzima. Wakafinyanga makubadhi, wakajaza maghala. Hakuja mwingine hata wa dawa. Ilikuwa njaa, fundi, mpaka watu wakachemsha kamba za vitanda. Babu yangu alikufa na jozi moja miguuni, kaivaa kwa kujiadhibu, ina damu. Waliobaki ndio wakaandika sheria. Usiniambie inaua. Iliandikwa na watu waliokwisha kufa nusu."

Sudi akaishika ile chai, hakuinywa. Moyo ulimwelemea kweli, maana hakuwa ametegemea kwamba ujinga una makaburi ndani yake.

"Pole, mzee wangu. Nina moja tu. Yule kilema, makubadhi ya udongo alikuwa anataka ya nini?"

"Ya nini vipi? Ya kuvaa."

"Alisema?"

Ngwali akafuta paji la uso.

"Babu yako alimuuliza?"

"Sijui," Ngwali akasema. Baadaye sana, chai imeshapoa, akasema tena, "Hatujui. Hakuna anayejua."

Sudi akaona asimsukume. Akamwomba jambo dogo la kazi: mizani iko karibu kupona, kesho asubuhi lazima ijaribiwe mbele ya baraza, anaomba mzigo wa kujaribia, kitu kizito kisicho na kazi. "Vile vigae vya shimoni, kwa mfano."

"Chukua," Ngwali akasema, mawazo yake yako mbali. "Si kitu vile."

Kesho yake ukumbi ulijaa, maana Mazoeani hakuna burudani nyingi. Wachukuzi walikuwa wamevibeba vigae vyote na kuvichambua kama Sudi alivyowaelekeza. Ukuta ulikuwa umetulia. Mshale ulisimama wima, kimya. Watu wakapiga makofi.

"Ngojeni," Sudi akasema. "Sahani hii nitatia midomo, mikono, na matumbo ya mitungi. Ndoto zenu zote na mapenzi yenu na mashemeji zenu wa miaka yote. Sahani hii nitatia vitako vya juu kabisa shimoni, vya mwaka huu peke yake."

Wakatia. Kikapu baada ya kikapu. Sahani ya vitako ikashuka, ikashuka, ikagonga sakafu, du! Ile nyingine ikaruka juu, ikabaki inabembea karibu na dari.

Mzee Lwambo akazinduka usingizini. "Mizani bado mbovu! Pale hakuna kitu na inalala!"

"Mizani nzima, mzee. Umesema hakuna kitu upande huu. Na upande ule?"

"Na ule hakuna kitu."

"Basi mbona hakuna-kitu hiki kimelala, na hakuna-kitu kile kimeruka?"

Wafinyanzi wakaanza kutazamana. Mmoja alinyoosha kidole kuelekea sahani. "Mbona mimi nilitupa kimoja tu?" Mwingine akasema, "Na mimi kimoja." "Na mimi." "Na mimi." Sauti zikapanda. Mzee Lwambo akagonga meza, akasema vigae ni vigae, virudishwe shimoni, lichimbwe shimo la pili lililo kubwa zaidi na ukuta ujengwe unene mara mbili, na fundi ambaye hajafika arudi alikotoka.

Na ningekuwa mtu wa kudanganya, wajukuu zangu, ningewaambia nchi iligeuka pale pale. Haikugeuka. Watu walianza kuinuka, vikapu vikaanza kubebwa. Mtu akizoea kutupa, hata akiona uzito wake mwenyewe ataona aibu, halafu atautupa.

Bi Mashavu ndiye hakuinuka. Alikuwa anatazama mlangoni. Nje pale, kwenye uwanja wa soko, Mama Nyamizi alikuwa anafunga mzigo wake wa mwisho, mtungi mmoja wenye ufa, apate kuondoka. Bi Mashavu akamtazama Ngwali, aliyekuwa amesimama hatua tatu tu kutoka kwake. Akalifikiria tanuri.

Akatoka mlangoni, akaita mbele ya watu wote:

"Mama Nyamizi! Dada yangu! Mtungi uliotoboka unaufanyia nini?"

Vikapu vikaanguka. Watu wa baraza walikuwa wepesi kuliko mtu angetegemea kwa umri wao. Mmoja alishamshika Mama Nyamizi mkono, maji haya, karibu tena, mpenzi. Mzee Lwambo akasema neno moja: "Ndoo."

Ikabidi ndoo aibebe Ngwali, ndiyo kazi yake. Wakaongozana mpaka nyumbani kwa Bi Mashavu, kundi zima, unasikia maji tu yanayumba. Tanuri lilikuwa na mzigo ndani, mitungi ya siku mbili, moto unanguruma chini kwa chini. Bi Mashavu akasimama pembeni, mikono ile mikubwa ameikumbatia kifuani. Hakuomba msamaha. Jirani yake, yule wa utani wa kuku, alikuwa analia waziwazi. Sudi alitaka kusema neno, akagundua hana. Mtu ambaye hajafika hata kilio chake hakihesabiki.

Ngwali akafika mdomoni pa tanuri. Akainua ndoo mpaka kifuani. Safari hii jasho lilikuwepo, moto ule uliliangaza linavyotiririka, na mikono yote miwili ilikuwa imeshika ndoo, hana wa kumfutia.

Akasimama hivyo. Mzee Lwambo akakohoa. Ngwali hakumwaga.

"Hata mimi nilitupa," akasema.

"Umesemaje?"

"Nilitupa kigae. Cha kitako. Kiangazi kilichopita mtu mmoja aliniomba wenye tundu, nikamwambia hatuna, karibu tena." "Kimo mle kwenye sahani. Na mimi nimo."

Akageuka na ndoo yake. Mama Nyamizi alikuwa amewafuata, amesimama nyuma ya watu, mzigo mgongoni, hajui kama akimbie au akae. Watu wakampisha Ngwali, wakidhani anakwenda kumnywesha maji. Akafika mbele yake. Mzee wa watu, miaka sitini hajawahi kuuliza swali la kazi, hakujua hata sauti yake inakaaje. Likamtoka kama mtoto anayesoma:

"Mama... ni wa nini?"

Mama Nyamizi akamtazama Ngwali, akaitazama ndoo, akawatazama watu.

"Kweli unauliza?"

"Nauliza."

Mama yule akashusha mzigo wake chini, taratibu, kama mtu anayefika nyumbani.

"Baba, sisi milimani tumevuta chemchemi kwa mianzi, maji yanafika mlangoni kwa kila mtu. Mtungi wa kuweka maji hatuna haja nao tena. Tunaotesha miche. Miparachichi, kahawa. Mche ukiuweka kwenye mtungi wenu mkavu unapata ubaridi wa udongo, lakini lazima kitako kiwe na tundu, maji yaliyozidi yatoke, mizizi isioze. Hakuna kitu kinachouweza mche kama udongo wenu. Lakini mitungi mibovu haitutoshi, tuko vijiji kumi na tisa. Mwaka mzima nakuja hapa kutafuta yenye tundu. Kila nikija nawaza, leo ataniuliza mmoja. Mnanipa maji tu. Nimekunywa maji yenu mpaka basi."

Mtu mmoja alicheka, kicheko cha kuponyoka.

Ngwali aliweka ndoo chini. Hakutazama alipoiweka. Mzee Lwambo akamwita kwa cheo, mara ya kwanza, mara ya pili, yeye hakugeuka. Alivuta gogo la kuni la Bi Mashavu, akamwekea Mama Nyamizi akae, na yeye mwenyewe akachuchumaa mbele yake, magoti yakalia. Bi Mashavu akasogea. Jirani akasogea, machozi hayajakauka. Yule kijana wa tanuri jipya akasogea, na nyuma yao tanuri lilikuwa bado linanguruma, linachoma mitungi ambayo sasa hakuna aliyejua itauzwa kwa nani.

"Tundu lenyewe," Ngwali akasema, "mnalitaka upana gani? Nionyeshe kwa kidole, mama."